Bibi Shwari Anaondoka, na Jumanne Kuna Mtoto

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi, Msaidizi Mkuu wa studio yetu anastaafu Ijumaa, tarehe 30 ya mwezi huu, saa kumi na moja jioni. Kwenye barua ya ajira ana jina lake kamili, lakini sisi na wateja tunamjua kwa jina moja tu, Bibi Shwari, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila swali. Umeme umekatika? Shwari. Bibi harusi amejifungia chooni na hataki kutoka? Shwari, namfuata.

Mwenye studio amenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa ajili ya kijitabu cha sherehe, akanionya uwe wa kuchangamsha na nisiingize mambo yangu. La kwanza nitajitahidi. La pili naomba radhi mapema. Mimi ndiye mpiga picha aliyefanya naye kazi miaka ishirini na miwili, na Jumanne inayofuata baada ya sherehe, saa tatu asubuhi, nina miadi ya kumpiga picha mtoto wa miezi mitatu bila Bibi Shwari kuwa kazini. Mtoto mwenyewe ni mjukuu wake. Mkwe wake, baba wa mtoto, anasafiri Jumatano kwenda kufanya kazi nje ya nchi kwa miaka miwili, kwa hiyo picha hiyo ya familia ama itapatikana Jumanne ama haitapatikana. Tangu nilipoiona miadi hiyo kwenye daftari, naogopa.

Tuanze na kazi yake. Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita, kusafisha picha. Vijana wa leo hawajui maana yake: alishinda ndani ya chumba cha giza akizitoa picha kwenye beseni la dawa, akiziosha kwa maji na kuzianika kwenye kamba kwa vibanio. Mpiga picha wa wakati huo, ambaye sasa ni marehemu, hakutaka watu wa chumba cha giza waonekane na wateja. Asubuhi moja mtoto alilia ukumbini mpaka watu waliokuwa kwenye foleni wakaanza kuaga. Bibi Shwari akatoka na mikono iliyolowa, ananuka dawa, amekuja kulalamika kwamba kelele zinampotezea hesabu ya dakika. Mtoto akamtazama, akanyamaza. Wiki iliyofuata alihamishiwa mbele na hakurudi tena gizani.

Kwa wasiojua kazi yetu, mtoto ambaye hajajua kukaa hakai peke yake mbele ya kamera hata picha ikionyesha hivyo. Nyuma yake kuna kitambaa cha kijivu, na chini ya kitambaa hicho kuna mtu amechuchumaa, amemshika kiuno. Mtu huyo, kwa miaka zaidi ya thelathini, ni Bibi Shwari. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mara moja tu alijisahau, na familia moja ikarudi na picha ikiuliza kwa upole kwa nini mtoto wao ana kidole gumba cha tatu. Tulijitolea kuirudia. Walikataa, wakasema wameshakizoea.

Familia kubwa zilikuwa fani yake nyingine. Ilikuja familia moja ya watu kumi na tisa, wakiwemo kaka wawili ambao hawakuwa wamesalimiana kwa miaka miwili. Mkubwa alisimama kona hii, mdogo kona ile, na katikati wamebaki wake zao wanatazama dari. Nilishawapiga picha nne na zote zilionekana za msibani. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, yaani usiwaingilie. Bibi Shwari hakuwaingilia. Alimchukua mtoto mchanga kutoka kwa mama yake, akamtia mikononi mwa yule kaka mkubwa, kisha akamwambia mdogo, kwa sauti ya mtu mwenye haraka, "Hebu baba, mshikie mwenzio shingo ya mtoto, hajui kubeba huyu." Mkubwa akakana, akasema anajua sana, yeye ndiye aliyembeba huyu mdogo wake kila siku hadi alipoanza shule. Mdogo akacheka bila kutaka. Hiyo ndiyo picha iliyopo dirishani kwetu mpaka leo.

Sasa niseme la harusi, ambalo nimelificha miaka ishirini na miwili. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza, enzi za mikanda ya filamu. Juu ya kamera zile, upande wa kushoto, kuna kifundo ambacho huzunguka kila unapovuta kwenda picha inayofuata. Kisipozunguka, maana yake mkanda haujashika na unapiga hewa. Mimi nilikuwa nimeganda kwa woga, macho yote kwa maharusi. Bibi Shwari, aliyesimama nyuma yangu na begi la taa, ndiye aliyegundua kwamba kifundo kimetulia tuli. Kufikia hapo pete zilikuwa zimeshavishwa na watu wanapiga vigelegele. Aliponinong'oneza, jasho jembamba lilinitoka, nikaanza kutafuta mlango kwa macho.

Yeye alikwenda moja kwa moja mbele. Kwa unyenyekevu mkubwa alimweleza mfungishaji ndoa kwamba mama wa bibi harusi hakuona pete zikivishwa, amezibwa na watu, na je, haitakuwa vizuri mzazi aone? Mama huyo alikuwa ameketi mstari wa kwanza, hatua mbili kutoka kwa binti yake. Alimtazama Bibi Shwari. Kisha akanitazama mimi, na nadhani alinionea huruma, maana nilikuwa nimelowa shati zima. Akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Kweli, sikuona kitu." Pete zikavuliwa, zikavishwa upya, nami wakati huo nilikuwa nimeshaweka mkanda mwingine. Maharusi wale sasa wana watoto wakubwa. Kama mpo ukumbini Ijumaa, nawaomba msamaha, na mjue kwamba hiyo ndiyo siri ya zile picha mlizosema mnaonekana mmetulia.

Asije mtu akadhani tunamuaga malaika. Bibi Shwari hapokei simu ya ofisi, anasema ikiwa ni jambo la maana watakuja. Huimba akifanya kazi, na hana sauti. Zilipokuja kamera za kisasa alizinunia miezi minane, akidai picha isiyoloweshwa maji si picha, na hadi leo akiletewa kadi ya kumbukumbu huipokea kwa vidole viwili. Chai ya mwenzake ikipoa juu ya meza, huinywa.

Nirudi kwenye hofu yangu, kwa sababu nimegundua jambo juu yake wiki iliyopita na ni haki liandikwe.

Kila alipoletwa mtoto studio, kwa miaka yote hii, Bibi Shwari aliniangalia usoni na kuniambia lenzi ina vumbi. "Kaifute vizuri mwanangu, nenda kule kwenye mwanga." Nami nilikwenda. Nilisimama dirishani kwenye korido, nikafuta taratibu kwa kitambaa laini, nikapuliza, nikakagua, nikafuta tena. Nikirudi baada ya dakika kumi namkuta mtoto ametulia, mama anatabasamu, na mimi mwenyewe pumzi zimeshuka. Nilijiona fundi makini. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba katika fani hii hakuna mwenye lenzi safi kama mimi.

Jumatatu iliyopita alitoka mapema kufuatilia karatasi zake za mafao, na akaletwa mtoto wa miezi mitano. Nikasema hii ndiyo nafasi ya kujaribu. Nilibaki chumbani. Nilisogeza taa, nikasogeza kigoda, nikarudisha taa. Mtoto akaanza kulia. Nikatikisa kayamba ndogo, akazidi. Mama yake akajaribu kumnyonyesha, akakataa, na baada ya dakika arobaini mama naye alikuwa analia, akiniomba samahani kana kwamba ni kosa lake. Tuliahirisha. Nilipotoka, nimekwisha kabisa, dada wa mapokezi aliniuliza swali moja tu.

"Kwani leo hukwenda kufuta lenzi?"

Nikamjibu kwamba Bibi Shwari hakuwepo kuikagua. Akaniambia lile ambalo kumbe kila mtu katika jengo hili alilijua, hadi mlinzi. Lenzi haikuwahi kuwa na vumbi. Aliyekuwa akifutwa ni mimi.

Kesho yake nilimfuata Bibi Shwari kabla hajafunga aproni. Sikuficha kwamba nimeumia. Yeye alicheka mpaka akashika meza. Akasema watoto hawakuwa na shida yoyote, wanalia kwa sababu mtu mzima aliye mbele yao anatetemeka, nao wanajiuliza kuna nini. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. "Ningekuambia," alisema, "ungeanza kuogopa kuogopa kwako. Tungefika wapi?" Kisha akaenda kunywa chai ya mtu.

Sina uhakika kama ninapaswa kumshukuru au kumdai radhi. Nimefikiria sana, nimeamua kumshukuru. Mamia ya nyumba za mji huu zina picha za watoto waliotulia kwa sababu mwanamke huyu aliweza kuwashika watu wawili kwa wakati mmoja, mtoto kwa mikono na mpiga picha kwa uongo mdogo, na hakudai sifa kwa lolote kati ya hayo. Mimi nimelipwa sifa zake. Zimetajwa kwenye vyeti vilivyoko ukutani, kwa jina langu, na nimeona aibu kila nilipopita mbele yake wiki hii.

Baada ya hapo nilifanya mambo ambayo si ya kujivunia. Nilimwomba mwenye studio amwongeze siku nne tu, mpaka Jumanne ipite. Akasema barua imeshasainiwa na keki imeshaagizwa. Nilimwomba Bibi Shwari mwenyewe aje Jumanne avae aproni kwa dakika kumi. Akasema aproni ni mali ya ofisi. Mwishowe nikapata wazo ambalo nilishangaa halikunijia mapema: kwa nini picha ya mjukuu isipigwe Alhamisi, tarehe 29, yeye angali mfanyakazi? Nikakimbilia mapokezi. Kweli, Alhamisi asubuhi ilikuwa tupu kwenye daftari, ukurasa mzima. Nikashika kalamu.

Dada wa mapokezi akauweka mkono juu ya karatasi. Akaniambia Alhamisi hiyo ndiyo aliyompa Bibi Shwari tangu mwanzo, miezi miwili iliyopita, mjukuu alipokuwa na wiki chache tu, na mkwe alishakuwa na tarehe ya safari. Bibi Shwari aliikataa. Alisema Alhamisi atakuwa bado chini ya kitambaa, na picha hii anataka kukaa kwenye kiti, mbele, na mjukuu mapajani, aonekane. Dada akamkumbusha kwamba basi hatakuwepo mtu wa kumtoa nje yule bwana, yaani mimi. Bibi Shwari akamjibu kwamba analijua hilo, na kwamba amempima miaka ishirini na miwili, anatosha. Akaichukua kalamu, akaiandika Jumanne kwa mkono wake.

Niliirudisha kalamu, nikakaa kwenye benchi la wateja. Mtu aliyeujua woga wangu kuliko mke wangu anavyoujua, aliyeuona kila siku na kuufunika, amechukua picha ambayo haitarudiwa, ya mjukuu wake na mkwe wake anayeondoka, akaiweka mikononi mwangu peke yangu, huku nafasi salama ikiwa wazi siku tano kabla. Hajaniambia neno. Nadhani hata hajui kwamba nimejua.

Kwa niaba ya mwenye studio, dada wa mapokezi, mlinzi, na wafanyakazi wote waliowahi kukosa chai yao, tunakushukuru, Bibi Shwari. Tunakuombea magoti yapone kuchuchumaa, usingizi wa mchana usiokatizwa na kengele ya mlangoni, na wajukuu wengi watakaokulilia wewe na si sisi. Nenda salama, upumzike kwa heshima uliyoitolea jasho.

Na Jumanne, mama, karibu saa tatu. Kiti chako nitakuwa nimekiweka mbele. Naogopa sana, sitakudanganya. Ila lenzi ni safi, na safari hii nitabaki chumbani.