Maisha ya Dada Sema, Aliyejibu Kila Swali

Dada yetu mpendwa, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1979 katika hospitali ya wilaya, mtoto wa kwanza wa baba fundi umeme na mama mshonaji. Anayewasomea haya ni mdogo wake, aliyemfuata ziwa. Mama anasema mtoto huyu alianza kuuliza kabla hajajua kutembea vizuri. Alikuwa akikaa sakafuni kando ya cherehani na kutaka kujua kwa nini uzi wa chini hauonekani, na Mama, mdomo umejaa pini, akimjibu kwa kuguna.

Alisoma shule ya msingi iliyotazamana na nyumba yetu, kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, kisha sekondari ya bweni ya wasichana. Walimu waligawanyika. Wengine walimpenda kwa maswali yake, wengine walimpa kazi ya kufuta ubao ili apate shughuli. Alipokuwa kidato cha tatu, Baba alifariki. Kuanzia hapo aliacha kuuliza, akawa mtu wa kujibu. Bomba likivuja, ada ikichelewa, mgeni akija na maneno magumu, mimi na Mama tulimgeukia yeye. Hakuna aliyempa kazi hiyo, na hakuna aliyempokea mzigo. Alihitimu shahada ya sayansi ya kompyuta mwaka 2003.

Baada ya miaka michache katika kampuni ya simu, Januari 2009 yeye na rafiki aliyesoma naye chuoni walipanga chumba kimoja juu ya duka la matairi. Meza yao ilikuwa ya kupigia pasi, na nguo zao zilinuka mpira. Wazo lilikuwa rahisi: mtandao ambamo mtu yeyote anauliza chochote, na mwenye kujua anajibu. Mwanzoni hakukuwa na watu, kwa hiyo wawili hao waliuliza na kujibu wenyewe kwa majina ya kubuni. Siku moja walibishana humo, kama watu wasiojuana, juu ya namna ya kuhifadhi vitunguu, na mshirika wake akanuna kweli kweli mpaka wakati wa chakula.

Watu walipoanza kuja, walikuja na adabu zao zote. "Hamjambo wapendwa, poleni na majukumu, samahani kwa usumbufu, mimi ni mgeni humu ndani, kwa heshima na taadhima naomba kuuliza..." na hapo nafasi ya kichwa cha swali ikawa imejaa. Ukurasa wa mbele ulikuwa hamjambo mwanzo mpaka mwisho. Watu walikuwa wanapeana mikono mlangoni na hakuna aliyeingia ndani. Ukitafuta swali la homa ya mtoto, unaletewa salamu.

Dada alikaa wiki nzima akaandika programu ya kukata salamu zote na kubakiza swali tupu. Wakaiita Mkasi. Baada ya Mkasi, mtandao ulipaa. Walichukua ghorofa nzima, kisha jengo, na mwenye duka la matairi akahamia upande wa pili wa barabara akilalamika kwamba wateja wake hawapati pa kuegesha. Siku ya kupokea tuzo, mshirika wake alisema jukwaani, "Bila Mkasi tungekuwa bado tunasalimiana!" Ukumbi uliangua kicheko. Dada naye alicheka.

Jina la Dada Sema alilipata ofisini. Ukifika mezani kwake, kabla hujafungua mdomo anakwambia, "Sema." Hakuwa na kiburi, watu walikuwa wengi na siku ilikuwa fupi. Lakini neno hilo alirudi nalo nyumbani.

Mwaka 2006 alikuwa amefunga ndoa na mwalimu wa hisabati, mtu mpole, ambaye yupo nasi hapa. Waliachana kwa amani mwaka 2013, bila kujaliwa watoto. Mwalimu ameomba tuseme kwamba hawakuwahi kugombana. "Nilikuwa nikiingia nasema, habari za kutwa, mke wangu. Ananitazama, anasubiri. Nikajikuta sina cha kuongeza." Baada ya hapo Dada alihamia nyumba ya vyumba viwili, na kimoja hakuwahi kukifungulia pazia.

Mama naye alipiga simu kila Jumapili. "Sema, Mama." "Sina neno, mwanangu, nakusalimu tu." "Haya, salamu nimezipokea. Niko kazini, Mama." Na simu imekatwa. Basi Mama, ambaye si mtu wa kushindwa kirahisi, akaanza kutunga maswali. Doa la kutu kwenye kitambaa cheupe linatokaje? Jinzi inataka sindano ya namba gani? Huyu ni mwanamke aliyeshonea mtaa mzima sare za shule. Dada alimjibu kila swali kwa kituo, na kwa dakika hizo Mama alikuwa na mwanawe.

Januari 2022 aligundulika na ugonjwa wa misuli ya moyo. Akabaki nyumbani. Simu haikunyamaza: nywila ya seva ya pili ni ipi, mkataba uko wapi, nani aidhinishe hili. Wenzake si watu wabaya, waliandika kama alivyowazoesha. Alasiri moja aliingia kwenye mtandao wake mwenyewe akaandika, "Hamjambo humu?" Mkasi ukakata yote, ukurasa ukamwambia, "Tafadhali andika swali lako." Alinisimulia akicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akasema, "Mdogo wangu, mimi mpweke." Tunalisoma hapa kwa sababu alilisema mwenyewe, na hakulisema kwa siri.

Alifariki tarehe 14 Juni 2023, saa nne asubuhi, hospitalini alikolazwa, akiwa na umri wa miaka 43. Ameacha mama, mdogo mmoja, wapwa wawili, mwalimu, mshirika wake, wafanyakazi wenzake, na watu wengi sana waliopata majibu yao kwake bila kumjua.

Mama ameomba jambo moja liongezwe. Siku mbili kabla ya kifo chake, Dada alimpigia simu, na haikuwa Jumapili. Akasema, "Shikamoo, Mama. Leo nimepiga kukusalimu tu."

Mama aliitikia marahaba, kisha woga ukamshika kwamba simu itakatwa. Akaharakisha, "Eti mwanangu, nikuulize, kola ya shati inageuzwaje isikunjamane pembeni?"

Dada alimweleza taratibu, akipumzika kati ya maneno. Punguza kitambaa kwenye pembe, geuza, sukuma ncha kwa kijiti, piga pasi. Alipomaliza, Mama alishindwa kuvumilia. "Mwanangu, mimi hilo nalijua. Nilitaka tu usikate."

"Najua unajua, Mama. Nimejua miaka yote. Uliza lingine."

Apumzike sasa dada yetu, na amani ikae naye.