Maji ya Kuoshea au ya Rejeta

Kwenye kivuko nilikaa karibu na kijana aliyevaa shati lililonyooka kwa pasi, amechuchumaa mbele ya pikipiki iliyotoka kuoshwa. Matone yalikuwa yakidondoka chini yake. Mshonaji mmoja, mama wa makamo mwenye furushi la vitambaa, akamwambia, "Mwanangu, pikipiki yako inavuja."

"Ni maji ya kuoshea tu, mama," kijana akajibu kwa sauti ya mtu anayejiombea. "Ngoja niifute. Ikilowa tena, basi ni rejeta inayovuja, ile ya kupozea injini."

Mama akampa kitambaa cheupe. Kijana akafuta rejeta na mipira yake ya maji, kisha akakitandaza kile kitambaa chini. Tukasubiri wote watatu, ingawa mimi sikualikwa.

"Unakwenda wapi umependeza hivyo?" mama akauliza.

"Ukweni. Mke wangu amerudi kwao. Alisema sijui kutunza kitu."

Hapo tone likadondoka, likaacha doa la kijani, rangi ya maji ya rejeta. Kijana akashusha pumzi. "Ni rejeta. Nikipanda nayo mlima wa kwenda ukweni, injini itachemka mpaka ife."

"Basi isukume."

"Nifike nimelowa jasho? Mashemeji watanicheka mwaka mzima."

"Wacheke. Mkeo ataona umeitunza."

"Mama, humjui mke wangu."

"Na wewe je, unamjua?"

Kivuko kikagota ukingoni. Kijana akakunja mikono ya shati, akashika usukani, na mama akaanza kusukuma kwa nyuma.