Kichochoro Kilicho Chini ya Kitanda Changu

Funga mlango, binti yangu, halafu fungua dirisha. Ah, nimesahau, chumba hiki hakina dirisha. Basi acha mlango wazi, wapangaji wakisikia na wasikie. Sogeeni hapa wote watatu, sauti yangu haifiki mbali siku hizi. Wewe Karani, mwanangu mkubwa, rudisha kalamu yako mfukoni, hiyo karatasi nimeshaiona na sitaitia sahihi wala dole gumba, hata ukinishika mkono. Nina maneno ambayo nikiyaacha mpaka kesho sijui kama nitakuwa na pumzi ya kuyasema, kwa hiyo nisikilizeni, na mwenye swali alimeze kwanza.

Saa ngapi sasa? Saa tisa mchana. Haya. Kesho saa mbili asubuhi watu wa manispaa wanakuja na nyundo kubomoa chumba hiki nilicholala, na Karani anataka niwaandikie kwa mara ya tatu kwamba mgonjwa hawezi kuhamishwa. Mara ya kwanza nilitia sahihi huku nacheka. Mara ya pili yule dada wa manispaa, yule mwenye futi ya kupimia na viatu vya tope, alisimama hapo mlangoni, akaisoma barua mpaka mwisho, akaniuliza nimeamkaje, akanipa pole, akaenda zake. Hakunifokea. Tangu siku hiyo usingizi umenikimbia, mnanisikia wenyewe ninavyogaragara. Mmenifanya kufuli, wanangu, mmeniweka hapa nizibe njia ya watu, na mimi ndiye niliyewafundisha.

Nigeuzeni. Siyo huko, upande wa ukutani. Hapo hapo, asante.

Mpango wenyewe mnaujua, lakini nitausema msije mkadai kwamba mzee alikuwa anaweweseka. Manispaa walisema kila chumba cha kupangisha kiwe na dirisha linalofunguka, kila nyumba iwe na vyoo vya kutosha watu wake, na vichochoro vyote vilivyozibwa vifunguliwe ili mtaro upite na mgonjwa aweze kubebwa. Mimi nilisimama mkutanoni, mnakumbuka, nikapiga domo kweli kweli, nikawauliza walikuwa wapi wakati nafyatua matofali yangu kwa mikono hii, na watu wakanipigia makofi mpaka nikavimba kichwa. Wenzangu walipiga makofi, halafu wakaenda nyumbani kubomoa. Nyumba kumi na mbili zimefungua njia, mtaro umechimbwa kutoka barabara ya juu ukashuka vizuri, ukafika kwenye ukuta huu ninaouegemea, ukakwama. Sasa maji ya nyumba kumi na mbili yakifika hapa yanageuka na kuingia kwa wapangaji wetu. Juzi mvua iliponyesha nilimsikia Dobi wa chumba cha nne akipandisha nguo za watu juu ya meza, anacheka peke yake, anasema leo zinafuliwa mara mbili. Miaka kumi na tatu yuko kwetu, hajawahi kunipandishia sauti. Nilijifunika shuka mpaka kichwani, mtu mzima mimi, kama mtoto aliyevunja sahani.

Kitinda, usinong'one na dada yako. Wewe ndiye mdogo lakini leo maneno mengi ni yako.

Nawaambia sasa jambo ambalo hamlijui. Nilipokinunua kiwanja hiki, kati ya ukuta wangu na ukuta wa Mwalimu kulikuwa na kichochoro ambacho watu wawili waliobeba kitanda wangeweza kupishana na mwenye ndoo bila yeyote kujipinda. Ukuta wangu ulipopata nyufa niliujenga upya, nikautoa nje kwa upana wa tofali moja. Nani angeona? Mara ya pili nikachukua hatua nzima, nikasema naimarisha msingi. Mwalimu akatoka na kikombe chake cha chai, akaniambia, "Jirani, nyumba yako inanenepa." Tukacheka wote wawili. Tulikuwa tunacheka sana zamani, mimi na Mwalimu, ninyi hamjui. Mara ya tatu nilitaka chumba cha kumi na moja. Mwalimu alikwenda kumzika kaka yake, akakaa siku nne, na mimi kwa siku hizo nne nikakimaliza chumba hiki, paa na kila kitu, nikapachika boriti kwenye ukuta wake. Aliporudi alifungua dirisha la chumba anachosahihishia madaftari, akakuta matofali yangu yako umbali wa kiganja. Miaka kumi na tisa sasa mtu yule anawasha taa mchana ili asome.

Alinishtaki kwa wazee wa mtaa. Walikuja, wakauliza jiwe la mpaka liko wapi, tukalitafuta wote, nami niliinama pamoja nao nikipekua majani kana kwamba nina nia njema. Halikuonekana. Nikaapa mbele yao kwamba tangu ninunue kiwanja sijawahi kuliona. Wakamwambia Mwalimu ni mzushi, anamwonea wivu jirani kwa sababu ya maendeleo yake. Alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni, akaondoka, na hatujasemeshana tena. Ninyi nikawakataza kumwamkia. Kitinda, ulikuwa na miaka saba ulipomwamkia, nikakuzaba kofi hapo uani. Umesahau? Mimi sijasahau. Nisamehe, baba.

Jiwe lipo. Liko hapa chini, kwenye mguu wa kitanda wa upande wa kichwa changu, chini ya sakafu. Nilipochimba msingi nililiona, mtarimbo ulikuwa mkononi, ni kazi ya dakika mbili kuling'oa na kulitupa. Nikashindwa. Nimejenga nyumba za watu maisha yangu yote nikianzia kwenye mawe kama lile, nikiyapimia kamba, na mikono ikakataa katakata kulitoa mahali pake. Nikalimwagia zege, nikasawazisha sakafu, nikaunga kitanda juu yake humu humu ndani. Binti yangu, umenibembeleza miaka mingapi nihamie chumba cha mbele chenye hewa? Nami najitia sipendi kelele za barabarani. Kelele gani! Nilikuwa nalinda sakafu.

Maji. Kidogo tu. Basi, inatosha.

Mama yenu alijua. Humfichi mwanamke sakafu anayoifagia kila siku. Aliniambia mara moja tu, "Baba Karani, lifunue," nikanuna wiki nzima, naye hakurudia, ila alikuwa akinitania kwamba kitanda hiki kikitaka kutoka siku moja, mimi fundi nitakipitisha wapi, maana mlango nilioubakiza ni mwembamba kama wa banda la kuku. Mnaikumbuka siku aliyoanguka. Ninyi wawili wakubwa mlikuwa makazini, Kitinda chuo cha ufundi. Gari la wagonjwa lilisimama barabara ya juu, pale pale kichochoro kilipokuwa kinatokea zamani, hatua arobaini kutoka hapa, na watu wa machela wakakuta ukuta wangu. Ikabidi wazunguke na kuingilia mbele. Machela ikakataa kupinda kwenye korido. Wakaiinamisha, wakaisimamisha, wakajaribu kinyumenyume, na mimi nimeushika ukuta nilioujenga mwenyewe, nausukuma kwa bega, wallahi nausukuma kama mwehu. Mwishowe walimweka kwenye kiti cha plastiki, wakamkunja, kidevu kifuani, wakamzungusha kwa mbele kupita katikati ya meza za wauza mboga huku wanaomba njia. Daktari aliniambia ni moyo. Nami nikawaambia ni moyo, na ni kweli ulikuwa moyo. Lakini daktari alisema pia kwamba angewahi robo saa, labda. Hiyo labda sikuwaletea. Nimelala nayo miaka sita.

Karani, kaa. Kaa chini, mwanangu. Najua. Ukitaka kunichukia nichukie, haki yako, lakini nichukie ukiwa umekaa, shingo inaniuma kukutazama huko juu. Binti yangu, mshike mkono kaka yako. Lieni, sikatazi, ila lieni na masikio yakiwa wazi kwa sababu sijamaliza na pumzi inanipungukia.

Karatasi hiyo ichane. Nataka niisikie ikichanika. Vizuri. Nyumba hii msiigawane vyumba, kwamba huyu ana vitatu na yule vinne, mtaanza kusogeza kuta kama baba yenu. Ni yenu wote, na atakayeisimamia ni dada yenu, kwa sababu yeye anajua watoto wa kila mpangaji wanasoma darasa la ngapi na nyinyi wawili hamjui hata choo kipi kinavuja. Chumba hiki kikiondoka vinabaki kumi. Kila kisicho na dirisha kitobolewe. Kitinda, kazi yako ni kuchomelea madirisha ya watu mjini kote na nyumbani kwenu kuna vyumba vitatu vya giza, si aibu hiyo? Tengeneza yanayofunguka, mtu atoe mkono nje ajue kama kunanyesha. Na mtaro ukishapita, mtaa ukapendeza, watakuja watu na viatu vyao vya kung'aa wakitaka vyumba, mtaona tamaa. Dobi abaki chumba cha nne. Wote waliovumilia maji yetu wabaki. Karani, kwa kuwa unapenda sana karatasi, hilo ndilo uliandike, tena kwa mwandiko mzuri.

Kesho dada wa manispaa akija, mshikieni ncha ya pili ya futi. Mtu asinung'unike.

Sasa ni saa ngapi? Bado tisa na nusu? Saa yako imekufa nini? Hapana, sikilizeni, kesho ni mbali. Kwa nini tuwangoje wao? Wakivunja wao itakuwa tumelazimishwa, na mimi nitakuwa nimefungiwa humu mpaka dakika ya mwisho kama mwizi aliyekamatwa dukani. Tunavunja leo. Tunavunja sasa. Msinitazame hivyo, homa haijapanda kichwani.

Binti yangu, nenda kwa Mwalimu. Unamjua, wewe unamwamkia kila siku pale dukani, ulidhani sikuoni? Mwambie jiwe limeonekana. Sema hivyo tu, ataelewa. Asipotaka kuja usimlazimishe, ila afungue dirisha lake. Na umwite Dobi na wapangaji wote waliopo waje washuhudie, nilimwita jirani yangu mwongo mbele ya watu, lazima watu wawepo. Nenda, mama, kimbia.

Kitinda, nyundo na tindo viko chini ya kitanda, kwenye mfuko wa turubai pamoja na mwiko wangu na timazi. Vichukue vyote, ni vyako kuanzia leo. Ukuta wa nyuma, huu wa kichwani. Usianzie chini hata siku moja, utatuangushia paa. Anzia mstari wa pili kutoka juu, katikati, tobolea matofali mawili, halafu shuka. Usiyavunje ovyo, yale matofali niliyachoma mwenyewe, ni mazuri, mwenye makosa ni mimi. Yapangeni kando, mkawajengee watu mahali pa kukaa kule mtaro unapopita. Karani, vua koti, shika shuka upande wa miguu unifunike vumbi lisinipate. Na sakafu mkaifunue mbele ya Mwalimu, zege halina hata inchi tatu.

Mkishamaliza mnitoe. Sitaki kiti. Mnasikia? Mtu yeyote asinikunje. Mnitoe nimelala na kitanda changu, nimenyooka, kupitia hapo hapo ukutani, mpite kichochoroni mpaka barabara ya juu. Mkifika huko nikiwa mzima, hospitali. Nikiwa si mzima, mnajua pengine pa kunipeleka, njia ni hiyo hiyo.

Gonga.

Karani, nipe mkono wako. Baba yako alikuwa hodari wa kujenga na hakuwa hodari wa kusema samahani. Mungu akupe wewe yote mawili. Akupe nyumba isiyomzibia mtu hewa. Kitinda, gonga, nakuombea huku unagonga, mikono yako isiwe na deni la jirani. Na dada yenu... dada yenu apate wa kumsaidia, msimwachie kila kitu. Pendaneni. Msinifiche kwa watu. Wakiuliza baba yenu alikuwa mtu gani, wasimulieni hili pia.

Gonga, baba. Kwa nguvu... hivyo... sikia, la kwanza limelegea. Ule ni mchanga wangu unaodondoka, naujua. Tena.

Vumbi... hapana, niache, usinifunike uso. Nataka kuona.

Limetoka. Lo, hewa inaingia. Karani, unaisikia hewa? Toa na hilo la pili... taratibu... Kuna dirisha limefunguliwa hapo hapo ng'ambo. Naona... naona nywele nyeupe. Amezeeka, masikini. Na miwani ni ile ile.

Ninyanyueni kichwa. Kidogo tu... hapo.

Hodi, Mwalimu... Hodi, jirani... Tunaomba njia.