Vifuniko vya Sufuria vya Mama Achuka

Mchungaji, wazee wetu, ndugu zetu wa Kiislamu mliotoka Kinna tangu alfajiri, na majirani wote, familia imechoka, nanyi mmechoka kwa kukesha nasi wiki nzima, kwa hiyo haya nitayasoma polepole na kwa sauti, ili nisirudie.

Mzee Stephen Etabo Lodio alizaliwa Ngaremara, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Lodio na marehemu Mama Nakiru. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1961, siku ambayo wazee wengi mlioketi hapa mbele mlizaliwa pia kwa mujibu wa serikali, ingawa mama yake alishikilia hadi mwisho kwamba alimzaa mvua ikinyesha mfululizo, na Januari ya huku kwetu kila mtu anaijua ilivyo kavu.

Alianza masomo katika shule ya msingi huko Ngaremara mwaka 1969, akamaliza darasa la saba mwaka 1976, baada ya kupoteza mwaka mmoja akichunga mbuzi wa baba yake, kisha akajiunga na chuo cha ufundi mjini Isiolo kuanzia Januari 1977 hadi Novemba 1978, alikosomea umeme. Tarehe 5 Machi 1979 aliajiriwa na karakana moja mjini, kazi yake ikiwa kufunga upya waya za shaba ndani ya mota zilizoungua, na mwaka 1994 akafungua kibanda chake mwenyewe nyuma ya soko, ambako mashine za posho na pampu za maji za kutoka Kinna hadi Merti zililetwa zikiwa zimekufa na kuondoka zikinguruma. Alikuwa mtu wa maneno machache kwa watu na mengi kwa mota, na ukimpelekea mota iliyoungua alikukemea kana kwamba umemchelewesha mtoto mwenye homa.

Alimwoa Gladys Nakolong kimila mwaka 1985, na ndoa yao ikabarikiwa kanisani tarehe 12 Desemba 1992, wakajaliwa watoto watatu, Achuka, anayefanya kazi Nairobi, Lodio, dereva wa lori huko Merti, na Ekaale, aliyetutangulia mwaka 2009, ambaye baba yake analazwa kando yake leo.

Mwezi Agosti 2021 Mama Achuka alianguka kutoka juu ya lori la mbuzi akirudi kutoka Merti, akaumia mgongo na nyonga, na tangu siku hiyo usingizi ukamhama. Desemba 2022 Achuka alimletea mashine ya kukanda mwili, ile ndogo ya kushika mkononi inayofanana na drili, na mzee akawa ndiye mkandaji, kila jioni baada ya chakula. Kasoro ilikuwa moja tu, mashine ilipata moto upesi ikajizima yenyewe, na kila mara ilijizima wakati maumivu yameanza tu kulegea, basi ikabidi waingoje ipoe, mzee akinywa chai, mama akiuma shuka.

Mzee hakuweza kuvumilia hilo. Aliifungua akakuta mota ndogo imefungiwa ndani ya plastiki bila pa kutolea joto, akasema hiki ni chumba cha mabati kisicho na dirisha, akaitoboa matundu ubavuni kama ya jiko, na kweli ikapoa, lakini vumbi la Isiolo halingoji mwaliko, likaingia pamoja na nyuzi za blanketi, na mota ikaungua kabla ya Pasaka. Achuka alinunua nyingine, akamsihi baba yake aiache ilivyo, lakini kwa habari ya mota mzee alikuwa hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Safari hii hakutoboa kitu, alikata alumini, akaikunja ikaikumbatia mota, akaivuta hadi nje kwenye kisogo cha mashine, pale ambapo mkono haufiki, ili joto litokee huko. Na kwa kuwa alumini nzuri kuliko zote mjini aliiona jikoni kwake, akina mama mnaopika tangu jana mkiulizana vifuniko vya sufuria za nyumba hii viko wapi, jibu mmelipata. Kifuniko cha kwanza kilikuwa chembamba mno, cha pili alikipasua akikigonga, cha tatu kikakubali, cha nne alikichukua kwa tahadhari tu, na Mama Achuka akaendelea kufunika githeri kwa sahani, hakununua vingine, kwa kuwa alijua vitafuata njia hiyo hiyo.

Machi 2024 mashine ilifanya kazi jioni nzima bila kujizima, na mzee akatembea kibandani kwake siku hizo kama aliyechaguliwa kuwa mbunge. Lakini sasa hapakuwa tena na kungoja ipoe, wala chai, alisimama akikanda mpaka mkewe alale, na moyo wa mzee ulikuwa umekwisha kuanza kudhoofika, miguu imevimba, mkono ukitetemeka kuliko mashine yenyewe. Mama Achuka alimwomba aache, akakataa. Ndipo mama akaanza kujifanya amelala, akivuta pumzi ndefu, kinywa wazi kidogo, mara nyingine hata akikoroma, naye mzee aliizima mashine, akaipapasa kisogo, akaiweka dirishani, akajilaza. Mama alibaki na maumivu yake kimya kimya, akifurahi kwamba mwenzake amepumzika.

Tarehe 2 Novemba 2025 mzee alilazwa hospitalini hapa Isiolo, na Jumatano iliyofuata alimwambia mkewe kwamba alikuwa akijua siku zote, kwa sababu mtu aliyelala kweli hakunji vidole vya miguu, na kwamba hakumfichua kwa kuwa mkono ulikuwa umechoka sana. Mama Achuka anasema walicheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha. Alhamisi tarehe 13 mchana, mama akiwa kwenye benchi tangu asubuhi, mgongo ukimwaka, mzee alimtaka aende nyumbani akajinyooshe, akakataa. Mzee akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, kinywa wazi kidogo, na Mama Achuka akajua kwamba leo analipizwa. Alingoja akitabasamu, kisha akafunua blanketi upande wa miguu ili naye amfichue, na vidole vilikuwa vimelegea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mafundi wenzake wa nyuma ya soko waliofunga vibanda vyao leo, Mzee Guyo Huqa wa Kinna aliyeleta maji na ng'ombe wa kuwalisha waombolezaji, na majirani waliokuja na sufuria zao, zikiwa na vifuniko.

Baba Achuka, mashine iko dirishani, imepoa. Mama Achuka anasema leo atalala kweli, usisumbuke kumtazama miguu. Pumzika kwa amani.