Bi Koleo na Waya Uliopitiwa na Moto

Laini ya umeme ya mlimani haitawashwa hadi waya wake ubadilishwe, meneja wa kituo alithibitisha Jumatatu. Uamuzi huo umetokana na ukaguzi wa mwisho wa fundi mkuu wa laini, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na minne kazini. Sisi wenzake wa karakana tunamwita Bi Koleo, kwa kuwa koleo halibanduki kiunoni mwake. Hata kwenye harusi ya binti yake alikuwa nalo.

Alianza akiwa mwanamke pekee katika karakana iliyonuka grisi na chai ya jana. Wenzake walimpa ngazi ndefu kuliko zote, wakakaa chini kungoja kichekesho. Alipanda hadi juu, akawaita: "Kaka zangu, spana mnaileta, au nishuke niwabebe?"

Miaka yake ya mwanzo, moto wa nyika ulipita chini ya laini. Nguzo zilibaki wima. Kikosi, naye akiwemo, kilifuta masizi, waya ukang'aa, umeme ukarudi, wakapongezwa. Miezi kadhaa baadaye, siku isiyo na upepo, waya ule ulikatika ukaangukia njia ya wanafunzi. Bahati njema, walikuwa darasani.

Tangu hapo amewafundisha mafundi wote jambo moja. Alumini ya waya hupata ugumu inapovutwa kiwandani kuwa nyuzi. Moto mkali huuondoa ugumu huo bila kuiyeyusha. Kwa macho waya ni mzima, lakini umelegea, unaning'inia, na siku moja utakatika. Kwa hiyo kila baada ya moto hukata kipande, hufumua uzi mmoja na kuukunja kwa vidole. Uzi mzima hurudi kwa ukaidi. Ukibaki ulivyokunjwa, kipande huenda maabara na laini hubaki imezimwa.

Moto wa mwezi uliopita ulipozimwa, simu zilimiminika. Mume wa dada yake, muuza samaki wa barafu, alifika hadi getini. "Shemeji, samaki wangu wanaoza, wewe unakunja waya!" Alijibiwa kuwa samaki wapo wengine baharini. Uzi haukurudi, na maabara ikathibitisha.

Asubuhi zetu zitapwaya bila ugomvi wake na redio ya karakana. Tunamshukuru, na tunamtakia usingizi mrefu usiokatizwa na simu ya dharura.

Sherehe ya kumuaga ilipangwa Alhamisi. Kwa ombi lake imesogezwa hadi Ijumaa, saa kumi alasiri: Alhamisi atakuwa mlimani, waya mpya unavutwa.