Mama Febronia na Kisanduku cha Kabila

Ifikapo tarehe 31 Desemba 1999, Mama Febronia Libenanga atastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Utafiti wa Damu, hapa Ifakara, kwa miaka thelathini na minne na miezi mitatu. Katika muda huo wakurugenzi tisa wamekuja na kuondoka, kila mmoja akiacha mpango mkakati. Mama Febronia amebaki na sindano yake.

Aliajiriwa mwaka 1965 kuosha chupa, akapanda hadi kuwa Mchukua Damu Mwandamizi, cheo kilichobuniwa kwa ajili yake baada ya kubainika kwamba mabosi wake wote walikuwa wakimwita yeye kila mshipa ulipokataa kuonekana. Watoto wa kijiji cha Mofu humnyooshea mkono wenyewe. Huwasimulia kisa cha kiboko aliyekula mpunga wa padri, na kwa uchunguzi wetu kisa hicho huisha sawia na chupa inapojaa.

Lakini atakumbukwa hasa kwa Mradi wa Folati. Folati, kwa faida ya wenzetu wa idara ya uhasibu, ni vitamini iliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Baadhi ya watu huzaliwa na jeni yenye tofauti ndogo, inayobadili namna mwili unavyoitumia vitamini hiyo. Mradi uliuliza kama tofauti hiyo inahusiana na saratani ya damu kwa watoto, na kama uhusiano huo hubadilika kutoka kabila hadi kabila. Fomu ilikuwa na kisanduku cha kabila chenye maelekezo: weka alama moja tu.

Bonde letu limejaa watu waliofuata miwa, reli na mpunga kutoka kila mkoa, na wakishafika huoana. Mama Febronia alirudisha fomu za watoto arobaini, wanane wagonjwa na waliobaki wazima wa kulinganishia, visanduku vikiwa vitupu. Nyuma ya kila fomu alikuwa ameandika babu na bibi wote wanne, na walikotoka. Makao makuu yalikasirika kwa maandishi. Akatumwa afisa kijana mwenye shahada, aliyemwelekeza kwa saa mbili namna ya kuweka alama. Mama Febronia alisikiliza kwa heshima, kisha akauliza, "Mwanangu, na wewe kwenu ni wapi?" Afisa alianza kujibu, akafika kwa bibi mzaa baba, akaomba chai. Hata hivyo, maagizo ni maagizo: alijaza visanduku vyote mwenyewe, akifuata kabila la mama, kwa kuwa mama ndiye aliyekuja kliniki. Afisa huyo ndiye anayeandika wasifu huu.

Mwezi Machi jedwali la awali lilibandikwa ubaoni, katika rangi tatu: kati ya watoto wanane wagonjwa, watano ni Wapogoro. Kufikia Ijumaa habari zilikuwa zimefika kijijini Katindiuka bila rangi hata moja: damu ya Wapogoro inaua watoto.

Huko aliishi Justa, Mpogoro wa Mahenge, aliyeolewa na Lukelo, Mhehe. Mtoto wao Beno, wa miaka sita, mmoja wa wale wagonjwa wanane, alikuwa katikati ya matibabu. Ukoo wa Lukelo uliitisha kikao Jumapili baada ya misa: Justa arudishwe kwao, mtoto abaki. Nani angempeleka Beno kliniki halikuwa kwenye ajenda. Mama mkwe, Bibi Aurelia, alikwisha kumfungashia nguo.

Mama Febronia alifika kwa baiskeli na fomu ya Beno na majibu ya maabara, akaomba kwanza ruhusa ya wazazi kuvisoma. Walikubali. "Beno anayo tofauti hiyo, tena nakala mbili," alisema. "Moja hutoka kwa mama, nyingine kwa baba. Haya, nani anarudishwa kwao?" Kisha akaigeuza fomu. "Na wewe, Bibi Aurelia, uliniandikisha kwa mdomo wako kwamba mama yako alitoka Mahenge."

Bibi Aurelia aliutazama mzigo wa nguo. "Sasa na mimi nifungashe?" akauliza. Kikao kilivunjika kwa kicheko.

Kabla hawajatawanyika, Mama Febronia aliwaambia kwamba watoto watatu kati ya wale wanane hawana tofauti hiyo kabisa, na kwamba watoto wazima wengi wanayo. "Chanzo cha ugonjwa bado hatukijui. Tunachokijua ni dawa ya Jumanne. Mleteni."

Jedwali liliondolewa Jumatatu saa moja asubuhi, na afisa yule yule aliyelibandika. Fomu mpya haina kisanduku. Ina mistari minne. Makao makuu yameusifu ubunifu huo wa vijana. Vijana wanaomba kumbukumbu zisahihishwe.

Jumanne iliyopita Beno alikuja kliniki ameshikwa mkono na Justa. Nyuma yao alikuwa Bibi Aurelia na chupa ya uji, akilalamikia foleni. Beno alinyoosha mkono, lakini alidai kisa kwanza.

Shikamoo, Mama Febronia, na asante kwa kutufundisha kugeuza karatasi. Tunakutakia mapumziko marefu yenye afya, na mpunga ambao hakuna kiboko atakayeuona.