Mgongo wa Jua

Benchi la Rashida, muuza kahawa, liko Koboko, pale njia inapochepuka kwenda mpaka wa Sudani Kusini. Ni ubao wa lori lililoungua, na kila mtu ana sehemu yake. Kichwani hukaa Swaka, ambaye kijiwe kizima kinamwita Profesa kwa sababu aliacha shule darasa la sita na tangu siku hiyo hajawahi kukosa jibu. Katikati ni Ambroise, muuza mitumba wa kutoka Kongo, Papa Kilo kwa jina la hapo, maana tumbo lake hufika kwanza. Mwishoni, karibu na njia, ni Tongun, mume wa Viola, dada yake Profesa. Viola alivuka kurudi Sudani Kusini kuvuna karanga. Kila asubuhi saa tatu, redio koli ya misheni, ile yenye waya mrefu juu ya paa ng'ambo ya barabara, huongea na zahanati ya huko, na Viola hutuma salamu. Leo ilikuwa Ijumaa, siku ya nne zahanati haijibu. Mkoba wa Tongun ulikuwa chini ya benchi, umefungwa tangu Jumanne.

— Bado? Rashida aliuliza, akimimina kahawa ya tangawizi.

— Bado, Tongun akasema. Mimi naenda.

— Shemeji, kaa! Profesa akamshika bega. Nikwambie mara ngapi? Ni jua. Jua limelipuka, nimesikia redioni kwa masikio yangu haya. Wazungu wametuma chombo, kikaenda, kikaenda, mpaka nyuma ya jua. Kimeona ulimi wa moto umetoka, mkubwa kuliko dunia mara kumi. Moto kama huo ukitoka, redio koli zinaziba zote.

— Chombo hiyo inakunywa mafuta ya nani, huko mbali? Papa Kilo akauliza.

— Mafuta gani, wewe mzigo! Kinakula jua lenyewe, kama sola ya Mama Rashida.

— Ah! Basi ndiyo maana jua imekasirika. Mutu anakuvizia mgongoni, anakula chakula yako, anakupiga na picha. Wewe hautalipuka?

— Sola yangu haina shida, Rashida akasema polepole. Tangu Jumanne inachaji simu za watu vizuri.

— Mama, huo ni moto mwingine. Wewe tia kahawa.

Papa Kilo alikuwa amekolea.

— Sikia, Tongun. Maneno hayapotei. Yameshikwa huko juu, yamenasa kwa moto. Siku jua itapoa, yatashuka yote pamoja. Viola atakuamkia mara nne, mpaka uchoke kuitika.

Tongun alitaka kucheka. Akageuka kuitazama njia.

Hakuna aliyeitaja njia yenyewe. Wiki iliyopita watu watatu walipita huko, akarudi mmoja, naye mpaka leo hajasema kitu. Profesa alimwona kwa macho yake akishuka kwenye pikipiki, miguu mitupu, na tangu hapo hataki hata kuitazama njia ile. Jumanne, Tongun alipofunga mkoba, Profesa alijua kinachofuata. Shemeji akienda kumtafuta dada yako, wewe kaka mtu huwezi kubaki benchini. Watu wangekuangalia. Ndipo akalikumbuka jua.

Pikipiki ikapata pancha mbele yao. Abiria wake, Candiru, mama kutoka Pajulu mwenye gunia la vitunguu, akaja kuketi huku tairi likizibwa. Rashida akampa kikombe na kumweleza kwa kifupi wanachobishania.

— Kaka, Candiru akamgeukia Profesa, hicho chombo kilifuata nini huko nyuma?

— Kuona tusiyoyaona sisi, dada yangu! Profesa akajinyoosha. Upande ule wa jua umetupa mgongo. Ukikaa hapa Koboko huwezi kuuona, hata ukipanda juu ya paa la misheni.

— Na moto ulitoka upande huo?

— Huohuo.

— Sisi tuko upande huu.

— Ndiyo.

— Sasa uliifikiaje redio yenu?

Papa Kilo akamwangalia Profesa, akisubiri. Rashida akamwangalia. Mtangazaji aliyeisoma habari ile ya jua alikuwa amemalizia kwa sentensi moja: moto umeelekea kule, duniani haufiki. Profesa aliisikia vizuri sana. Akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu darasa la sita, hakukuta kitu.

— Kwani nimesema vibaya? Candiru akauliza.

Tongun akainama, akavuta mkoba, akakung'uta vumbi.

— Ulijua, Swaka.

Hakumwita Profesa. Hakumwita shemeji.

— Siku nne, akasema. Naenda. Unakuja?

Profesa akaitazama miguu yake chini ya ubao. Ilikuwa imevaa viatu vizuri, vya kutembea mbali. Haikusogea.

Tongun akashika njia ya mpakani. Wakamtazama mpaka lori moja likamficha, likapita, naye hakuonekana tena.

Profesa akanyoosha kikombe.

— Mama Rashida, niongezee kidogo.

— Imeisha.

Rashida akalitoa birika motoni na kuliweka mbali na Profesa, na benchi zima likasikia kahawa ikicheza ndani.